Haleluya Iliyotangulia

Maneno niliyosema katika hafla ya kumuaga mwimbaji mkongwe wa besi, baada ya mazoezi ya mwisho kabla ya Krismasi

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya wenzangu, mama zangu na baba zangu, na ninyi wanetu mliopanda juzi na jana kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko: Bwana Yesu asifiwe!

Amina. Nimeipenda sauti hiyo. Nimetamka maneno matatu tu, na kanisa zima limeitika kabla sijafunga mdomo. Hakuna aliyemgeukia jirani yake kuuliza kama ni zamu ya kuitika. Naomba mlikumbuke hilo mpaka mwisho wa maneno yangu, kwa sababu kisa nilichosimama kukisimulia kimejengwa juu yake, na mwenye kisa ameketi pale mbele, amevaa joho la kwaya kwa mara ya mwisho.

Tunamuaga Meku. Kwa wageni wetu, meku ni mzee kwa Kichagga. Jina la ubatizo analo, lakini hapa usharikani ukimuulizia kwa jina hilo utazungushwa migombani mpaka jua lizame. Ukisema Meku wa besi, mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke mlangoni kwake.

Nimepewa dakika kumi. Nitazidisha kidogo, Baba Mchungaji, unisamehe, kwa kuwa nina deni la miaka mingi na leo ndiyo siku ya kulilipa.

Wengi wenu mnakijua kisa cha Haleluya ya Meku. Hata waliozaliwa baadaye wanakijua, maana kimesimuliwa jikoni, kimesimuliwa kwenye mabasi, kimesimuliwa kwenye ndafu za harusi. Wengine wanasema kanisa zima lilianguka kwa kicheko, wengine wanasema mchungaji wa wakati ule alilia machozi. Kila msimulizi anaongeza chumvi yake. Mimi nilikuwepo, mstari wa alto, hatua nne kutoka kwa Meku, na nitawasimulia nilichokiona.

Ilikuwa miaka ya 1990, kabla hatujawa na simu mikononi. Nashukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu siku hizi jambo kama lile lingefika Marekani kabla ya baraka ya mwisho. Mnajua Krismasi yetu ilivyo. Desemba ikifika Wachaga wote wanarudi nyumbani. Barabara ya Dar es Salaam hadi Moshi, zaidi ya kilomita 500, inakuwa kama msafara wa harusi. Nauli inapanda, na mtu aliyepata kukalia ndoo katikati ya viti anajihesabu ana bahati. Meku alikuwa bado kazini, bandarini Dar es Salaam. Kila mwaka alipanda, na kila mwaka alivaa joho na kuimba nasi siku ya tarehe 25, kwa sababu alikuwa mwanakwaya wetu kabla hajawa mtu wa bandari.

Mwaka ule mwalimu wetu wa kwaya, Mungu amlaze pema, alikuwa amechagua Haleluya ya Handel. Tulianza kuifanyia mazoezi mwezi wa tisa. Vijana wa tarumbeta nao walipewa sehemu yao, na waliichukulia kwa uzito mkubwa, walipuliza mpaka jirani mwenye ng'ombe akaja kulalamika.

Nisimame kidogo kwenye wimbo wenyewe, maana bila kuuelewa hamtaelewa kosa lilipotokea. Handel aliuandika mwaka 1741 akiwa London, ndani ya kazi kubwa iitwayo Messiah, na kazi yote ile aliimaliza kwa siku 24. Iliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza Dublin, huko Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, kwa ajili ya sadaka ya hospitali na ya wafungwa wa madeni. Wanawake waliombwa waje bila zile sketi zao zenye pete za kutanua, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu watoshe ukumbini. Mimi nikisoma hayo nawaona wazee wetu wa zamu siku ya Krismasi, wakipita kati ya mabenchi: "Mama, mpakate mtoto. Baba, sogea kidogo, kuna mgeni." Kwa fedha za siku ile wadaiwa 142 walitoka gerezani. Nawaambia haya kwa sababu kuna vijana humu wanaodhani wimbo huu ni wa wakubwa wenye suti. Ulianza kama mchango wa kuwatoa watu kifungoni.

Maneno yake yametoka katika Ufunuo: Haleluya, kwa kuwa Bwana Mungu Mwenyezi amemiliki; Mfalme wa wafalme na Bwana wa mabwana; naye atamiliki milele na milele. Handel hakuuweka penye kuzaliwa kwa Bwana. Aliuweka mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo. Sisi watu wa makwaya ndio tumeupeleka Krismasi, na sioni ubaya, Mtoto wa horini ndiye huyo huyo Mfalme.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Sauti zote zinakimbia pamoja, tarumbeta zinawika, halafu zinakuja Haleluya za haraka, moja juu ya nyingine, kama mtu anayeshuka ngazi mbio. Haleluya, Haleluya, Haleluya, Haleluya. Na ghafla, kimya. Hakuna sauti, hakuna kinanda, hakuna tarumbeta. Mwenye kuongoza mikono yake iko juu. Baada ya hapo ndipo inakuja Haleluya ya mwisho, taratibu, nzito, wote pamoja.

Kimya kile ni sehemu ya wimbo. Handel alikiandika. Mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi nzima kwa siku 24 bado alipata muda wa kuandika mahali pa kunyamaza. Na waimbaji wa dunia nzima wanapaogopa pale, kwa sababu mwili ukishakimbia haupendi kusimamishwa. Pafu limejaa, mdomo uko wazi, moyo unadunda. Anayeingia mapema anaingia peke yake, na hakuna shimo duniani la kujificha.

Tarehe 22 Desemba zilitufikia salamu kwamba Meku atapanda kesho yake. Hakuwa amehudhuria zoezi hata moja. Mwalimu hakuwa na hofu, alisema, "Huyu mpeni karatasi tu." Na ni kweli. Meku alikuwa msomaji wa solfa kuliko sisi sote. Alijifunza akiwa mtoto, kwa mwalimu aliyekuwa akitundika chati ukutani na kuigusa kwa fimbo: do, mi, so, la, na darasa linaimba kila fimbo inapogusa. Sisi wengine tulikuwa tunafundishwa kwa sikio, tunashika sauti kama kasuku, na karatasi tulizishika kwa heshima tu. Besi wote kumi na mmoja walikuwa wanamtazama mwalimu. Meku peke yake ndiye angekuwa anasoma.

Mimi nilikuwa katibu wa kwaya. Nilikuwa na miaka 19 na mwandiko mzuri, na niliusifu mwandiko wangu kuliko ulivyostahili. Kazi ya kunakili ilikuwa yangu.

Solfa, kwa wasioijua, huandikwa kwa herufi. Ni njia iliyoanzia Uingereza. Mwanamke aitwaye Sarah Glover aliibuni, mchungaji John Curwen akaieneza katika karne ya 19, na wamisionari na walimu wa shule wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni kule Johannesburg, alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sauti yake tunaiimba sisi kama Mungu ibariki Afrika, aliutunga kwa solfa. Kwa hiyo msiidharau. Haihitaji karatasi yenye mistari mitano, haihitaji kinanda, inahitaji penseli. Herufi ni sauti. Kistari ni kuendelea kuishika sauti uliyo nayo. Nukta pacha zinatenga pigo na pigo. Na mahali pa kunyamaza? Huachwa patupu. Hakuna alama. Ni nafasi nyeupe tu kati ya nukta na nukta.

Mnaona tunakokwenda.

Usiku ule niliketi jikoni kwa mama, taa ya koroboi mezani, kitabu cha noti upande wa kushoto, na karatasi moja ya mwisho niliyobaki nayo upande wa kulia. Duka lilikuwa limefungwa. Niliandika besi kwa uangalifu mkubwa, nikarudia maneno, nikapiga mistari kwa rula. Nilipofika chini ya ukurasa niliona karatasi haitatosha. Kitabuni, kabla ya Haleluya ya mwisho, palikuwa na nukta pacha zimesimama zenyewe, hazina herufi katikati. Niliona ni nafasi imepotea bure. Nikaisogeza Haleluya ya mwisho, nikaigandisha kwa ile ya nne, mstari ukatosha vizuri kabisa, na nikaandika chini yake neno "taratibu" kwa wino mwekundu. Nililala nimeridhika.

Nilikuwa nimeimba wimbo ule miezi mitatu. Nilikuwa nakijua kile kimya kwa mwili wangu. Lakini nilipokuwa nanakili sikuwa naimba, nilikuwa nachora herufi, na mkono unaochora haukumbuki kile koo inachojua. Wanakwaya, hili nimelitafakari sana.

Meku alifika usiku wa tarehe 23, akachukua karatasi tarehe 24, akaenda nayo nyumbani, akaisoma. Alisema imeandikwa vizuri.

Tarehe 25 kanisa lilijaa mpaka barazani. Mabenchi yalibeba watu saba mahali pa watano. Watoto walikuwa madirishani. Masomo yakasomwa, mahubiri yakahubiriwa, sadaka ikatolewa, na Haleluya ikawekwa mwisho, kabla ya baraka. Kinanda kikaanza, tukaingia. Ndugu zangu, tuliimba. Sisemi kwa kujisifu, nasema nilivyosikia. Watu walisimama wenyewe. Bibi mmoja alikuwa ametupa fimbo yake chini na kuinua mikono. Soprano walipopanda na "Mfalme wa wafalme", wakapanda tena, wakapanda tena, nilihisi bati zinainuka kutoka kwenye misumari.

Tukafika mwisho. Haleluya. Haleluya. Haleluya. Haleluya.

Kimya.

Mwalimu wetu alipenda kukirefusha kimya kile mpaka mwangwi umalizike kwenye bati. Mikono yake ikasimama juu, vidole vimefunguka. Sikusikia hata mtoto. Na hapo, kutoka mstari wa nyuma, ikatoka sauti ya Meku. Haikutoka kwa woga. Ilitoka kama sauti ya mtu anayejua anachofanya, besi tupu, pana, taratibu kama wino mwekundu ulivyomwagiza:

"HAAA—LE—LUUU—YA!"

Mnaweza kuniuliza kwa nini hakunyamaza alipojisikia yuko peke yake kwenye "Ha". Nimemjibia swali hilo moyoni miaka yote. Karatasi yake ilimwambia wote waingie. Watu 40 hawakuingia. Yeye, aliyefundishwa kwamba mwimbaji akishaingia amalize ili wenzake wapate pa kushika, aliona kwaya imeteleza, akaibeba. Alikuwa anatuokoa.

Na kanisa likaitika: "AMINA!"

Kanisa zima. Ndani, madirishani, barazani. Mtu mzima amesema Haleluya kwa sauti kubwa mbele ya madhabahu, Mkristo wa hapa ataitika nini? Isitoshe, ukitazama muziki wenyewe, Haleluya ile ya mwisho besi inatoka fa kwenda do, mwendo ule ule wa Amina tunayoimba mwishoni mwa tenzi. Masikio yao yalisikia Haleluya, yakasikia na miguu ya Amina inakuja. Wangefanyaje?

Lakini Meku naye alikuwa mzee wa kanisa kule Dar es Salaam. Miaka mingi amesimama mbele ya watu kutoa matangazo. Aliposikia Amina ile kubwa, ulimi wake ulienda wenyewe njia unayoijua. Akasema, kwa sauti safi kabisa:

"Bwana Yesu asifiwe!"

"AMINA!"

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na kilianzia kwa mtoto mmoja wa dirishani. Kikapita kwa soprano kama moto kwenye majani makavu. Dada mmoja alijifunika uso kwa karatasi ya noti. Waimbaji wa teno walikuwa wanatazama chini, mabega yanatikisika. Vijana wa tarumbeta, waliosikia Amina mbili, waliamini ibada imekwisha. Wawili walishageuza tarumbeta zao wanamwaga maji, mmoja amekwisha kuitia kwenye mfuko. Mchungaji alikuwa ameinuka na kuinua mikono kwa ajili ya baraka, akaona mwalimu wa kwaya naye mikono yake iko juu, wakabaki wanatazamana, wawili wameinua mikono, hakuna anayeshusha.

Mwalimu wetu hakushusha. Mikono yake ilikaa pale juu kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie kwenye mahindi. Alitutazama mmoja mmoja. Hakukunja uso. Alisubiri kicheko kipite kama mtu anavyosubiri mvua chini ya mti, na polepole kikapita, na kikaja kimya kingine. Kimya hiki kilikuwa kizito kuliko cha kwanza, maana kila mtu kanisani sasa alijua kuna kitu bado hakijasemwa. Ndipo mikono ikashuka, na tukaimba Haleluya ya mwisho, sote, na tarumbeta moja.

Na kanisa likaitika: Amina. Safari hii kwa sauti ya chini.

Nimeimba wimbo ule mara nyingi tangu hapo. Nimeusikia mijini, kwa vinanda vikubwa na waimbaji waliosomea. Sijawahi kusikia Haleluya ya mwisho kama ile. Nadhani ni kwa sababu ile tuliingojea pamoja, waimbaji na wasioimba.

Kilichofuata mnakijua. Siku ile ile watoto njiani walikuwa wanaitana, "Haleluya!" na wengine migombani, "Amina!" Meku akiingia dukani, "Haleluya!" Akipanda basi kurudi Dar es Salaam, kondakta, "Haleluya mzee!" Yeye alicheka nao. Alipostaafu na kurudi nyumbani, jina lilikuwa linamngoja getini. Na katika miaka yote hiyo msimulizi wa kisa humalizia kwa namna ile ile: Meku alikosea kuhesabu. Meku alikuwa hajafanya mazoezi. Meku alitoka mjini na mambo yake.

Ndugu zangu, Meku hakukosea.

Siku ya pili ya Krismasi alikuja nyumbani kwetu. Alikuta nakoboa mahindi barazani. Alikuwa na ile karatasi, ameikunja mara nne. Akaifungua, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa, akaniuliza kwa upole, kama baba anavyomuuliza mtoto: "Binti yangu, hapa palikuwa na nafasi?"

Nikamwambia nitaangalia kitabuni.

Nikaangalia. Nafasi ilikuwepo, nyeupe, imekaa kati ya nukta zake kama ilivyokuwa usiku ule. Nikakifunga kitabu. Sikwenda kumwambia. Nilikuwa na miaka 19, watu walikuwa wanacheka, na nilijua kicheko kile kingehama kutoka kwake kuja kwangu. Nilisubiri aniulize tena ili nimjibu. Hakuniuliza tena. Si mwaka ule, si mwaka uliofuata, si hata nilipokuwa mwalimu wa kwaya hii na yeye akawa anasimama mbele yangu kila Jumamosi kuniangalia mkono. Kimya nilichokifuta kwenye karatasi nilikwenda kukitia kinywani mwangu, mahali ambapo hakikutakiwa.

Ndiyo maana mimi ni mkali kwenye karatasi, wanangu, na leo mmejua sababu. Mnalalamika kwamba mwalimu anakataa noti zilizopigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp zikiwa zimekatwa pembeni. Nakataa. Picha iliyokatwa chini imekula mstari wa mwisho, na hutajua mpaka siku yenyewe. Ukinakili, imba huku unanakili, hata kwa kunong'ona. Penye nafasi tupu piga vidole pajani, uhesabu, kisha chora kiduara kwa penseli ili macho yako yakutane na kitu. Na usimpe mwenzako karatasi ambayo wewe mwenyewe hujaiimba kutoka juu hadi chini. Yule anayeisoma ameweka jina lake mikononi mwako.

Na jambo jingine la mazoezi, kwa kuwa wakuu wa sauti mko hapa. Kimya kina pumzi yake. Wengi mnavuta pumzi mwanzoni mwa kimya, halafu mnakaa mmejaa kama maputo, na aliyejaa lazima atoke. Kaa mtupu kwanza. Mwache mwongozaji ainue mkono wa kukuita, vuta pumzi pamoja na mkono ule, uingie. Besi, mnanisikia. Kesho sitarudia.

Sasa Meku.

Niliomba ruhusa kwa Baba Mchungaji asubuhi, akanikubalia. Nimekuja na kitu. Wageni wetu mnaona ni jani la kawaida, mmeliona kwenye uzio wa kila kihamba, yaani shamba la ukoo, mlichopita. Hili ni isale. Mababu zetu walipanda masale mipakani mwa mashamba na kwenye makaburi ya wazee, na mtu aliyemkosea mwenzake alilichuma jani hili, akalikunja, akaenda nalo kuomba msamaha, na anayeletewa isale hakuwa na njia ya kukataa. Nimelichuma alfajiri kwenye uzio wako mwenyewe, Meku. Mama wa nyumbani kwako alinikuta, ameniuliza naiba nini, nikamwambia atasikia kanisani.

Baba yangu, palikuwa na nafasi. Wewe uliimba kile nilichokuandikia, neno kwa neno, pigo kwa pigo, na mwendo wake. Mimi ndiye niliyeifuta. Nimekuacha ukibeba kicheko changu miaka yote hii na hukumwambia mtu, ingawa karatasi unayo. Mama ameniambia bado imo ndani ya kitabu chako cha nyimbo. Nisamehe.

Asante, baba. Asante. Kaa, usisimame.

Hapana, basi simama, kwa kuwa nina ombi. Kwaya, simameni. Tarumbeta, msitie chochote kwenye mfuko. Tunaimba kipande cha mwisho tu, kuanzia "Mfalme wa wafalme". Tukifika kwenye kimya, mtanyamaza wote, mimi nitainua mikono, na Meku ataingia peke yake, taratibu, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Tutamngoja amalize. Halafu tutaingia sisi.

Ninyi wengine wote mnajua mtaitika nini.

Kinanda, nipe do.